Kusomeana Insha: Haja ya Msomaji Kabla ya Mtahini

Miongoni mwa malalamiko yanayosikika mara kwa mara katika idara za Kiswahili za vyuo vikuu vya Kenya ni kwamba wanafunzi hawajui kuandika insha. Mhadhiri husahihisha rundo la karatasi, akakuta kila moja imeanza kwa kufasili fasihi, ikawapitia Wamitila na Mulokozi kwa haraka, kisha ikamalizia kwa kutangaza kuwa mwandishi amefaulu pakubwa. Wanafunzi nao wana malalamiko yao: kwamba karatasi huchelewa kurudi, au hazirudi kabisa, na zinaporudi huwa na alama, mistari myekundu, na neno moja la "fafanua" lisilosema kifafanuliwe nini. Pande zote mbili husema kweli. Makala haya yanadai kwamba kiini cha tatizo kimo mahali ambapo pande hizo hazijapatazama: insha ya mwanafunzi haina msomaji. Ina mtahini tu. Njia ya karibu zaidi ya kuipatia msomaji ni kuwafanya wanafunzi wasomeane kazi zao, kwa maandishi na kwa utaratibu, kabla hazijafika mezani pa mhadhiri.

Asili ya hali hii iko katika shule za sekondari. Mtahiniwa wa KCSE hukutana na insha katika Karatasi ya Kwanza ya Kiswahili: maswali manne, la kwanza likiwa la lazima, na jingine la kuchagua kati ya matatu yanayosalia, kila insha alama 20, kila insha maneno yasiyopungua 400. Karatasi hiyo husomwa na mtu asiyejulikana, mahali pasipojulikana, ambaye huiweka katika kiwango cha A, B, C au D kisha akaendelea na nyingine. Kwa miaka minne mwanafunzi hufunzwa kumwandikia mtu huyo. Hujifunza kwamba methali zina alama, kwamba tamathali zina alama, kwamba hati safi ina heri yake. Hivyo hukariri misemo kumi ya kuelezea mapambazuko na mingine kumi ya kuelezea huzuni, akaibandika popote panapobandikika. Si haki kumlaumu, kwani mtihani ndivyo ulivyo. Lakini anapoingia chuo kikuu na kuambiwa ajenge hoja, huwa hajawahi hata mara moja kumwona mtu akiyasoma maneno yake, akikunja uso anapopotea na kutikisa kichwa anapokubali. Anaandika gizani.

Mfano wa Ndalu unaweza kuonyesha uzito wa jambo hili. Ndalu ni soko katika eneobunge la Tongaren, Kaunti ya Bungoma, karibu na mpaka wa Trans Nzoia. Wakazi wake huitazama Bungoma kwa mambo ya serikali na Kitale kwa mambo ya biashara. Kabla ya uhuru wa 1963 sehemu hizo zilikuwa za mashamba ya walowezi, na baadaye ziligawiwa wakulima wadogo ambao hadi leo hulima mahindi na kuwasomesha watoto kwa mahindi hayo. Zamani kijana wa huko aliyetaka kusomea Kiswahili alilazimika kwenda Nairobi, au Eldoret baada ya Chuo Kikuu cha Moi kuanzishwa mwaka 1984. Sasa ana Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kule Kakamega, kilichokuwa chuo kikuu kamili mwaka 2007, na Chuo Kikuu cha Kibabii papo hapo Bungoma, kilichoanza mwaka 2011 kikiwa chuo kishiriki na kupata hati mwaka 2015. Wengi wanaochukua Kiswahili husomea ualimu. Watakwenda kufanya mazoezi ya kufundisha, na baadhi yao kuajiriwa, katika shule zilezile za Ndalu, Naitiri na Kiminini walikotoka. Kwa hiyo jinsi mwanafunzi wa chuo anavyoisoma insha ya mwenzake leo ndivyo atakavyozisoma insha za watoto wa wakulima hao miaka michache ijayo.

Na huko hesabu ni nzito. Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 60, akiipa kila insha dakika 10 tu, anahitaji saa 10 kwa zoezi moja la darasa moja. Akiwa na madarasa matatu zinakuwa saa 30, nje ya vipindi, nje ya zamu, nje ya mikutano ya wazazi. Chuoni hali haina nafuu: kozi ya wanafunzi 300, insha moja kwa dakika 15, ni saa 75. Hakuna mhadhiri mwenye saa 75 za ziada katikati ya muhula. Ndiyo maana insha hurejeshwa baada ya mtihani, zikiwa kama barua iliyofika kwa mtu aliyekwisha kuhama.

Wapo watakaosema kwamba kusomeana kunafanyika tayari. Ni kweli kwamba wanafunzi huonyeshana kazi katika mabweni usiku wa kuamkia siku ya kuziwasilisha. Lakini kinachofanyika hapo aghalabu ni kuulizana idadi ya kurasa na mtindo wa marejeleo, pamoja na kuazimana hoja, jambo ambalo halihitaji kutiwa moyo zaidi. Kusomeana kunakokusudiwa hapa ni kazi tofauti. Na ichukuliwe kwamba mwanafunzi ameandika juu ya Kilio cha Haki, tamthilia ya Alamin Mazrui iliyochapishwa mwaka 1981, ambayo inahusu wafanyakazi wa shamba la mlowezi na kwa hiyo haiko mbali na historia ya Tongaren. Ameandika: "Lanina ni mwanamke jasiri na mtetezi wa haki. Mwandishi amemchora kwa ustadi mkubwa." Msomaji wa kwanza anaandika pembeni: "Vizuri, ila fafanua." Neno hilo amelirithi kwa walimu wake, nao kwa wao. Msomaji wa pili anaandika: "Nimekubali kwamba Lanina ni jasiri, lakini nimefika mwisho wa aya bila kuona tendo lake hata moja. Ujasiri wake ni wa kumkabili mwajiri, au ni wa kusimama mbele ya wanaume wasiozoea kuongozwa na mwanamke? Ukichagua, aya yako itapata kazi ya kufanya."

Tofauti ya wasomaji hao wawili haitokani na ujuzi wa nadharia. Yule wa pili hakutaja nadharia yoyote. Alichofanya ni kueleza, kwa uaminifu, mahali alipokwama, kisha akauliza swali ambalo mwandishi anaweza kulijibu kwa kurudi kwenye tamthilia. Mhadhiri mwenye karatasi 300 hana nafasi ya kuuliza swali kama hilo katika kila aya. Mwanarika mwenye karatasi mbili anayo. Na maoni hayo yanafika wakati ambapo insha bado inaweza kubadilika, wino ukiwa haujakauka.

Hata hivyo, faida iliyo kubwa zaidi huenda isiwe ya yule anayesomewa. Mwaka 2009 watafiti Kristi Lundstrom na Wendy Baker walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa nchini Marekani kwa wanafunzi 91 waliokuwa wakijifunza kuandika Kiingereza kama lugha ya pili. Baadhi yao walifundishwa kutoa maoni tu juu ya insha za wengine. Baadhi walifundishwa kuyapokea na kuyatumia tu. Waliotoa maoni ndio walioimarika zaidi katika uandishi wao wenyewe, hasa waliokuwa katika kiwango cha chini. Matokeo hayo hayapaswi kuhamishwa mzobemzobe hadi Bungoma, lakini sababu yake haihitaji safari ndefu kueleweka. Aliyekwisha kuona aya ya mwenzake ikitembea bila mifupa hurudi kwenye yake akiwa na macho mapya. Ni vigumu mtu kuona kasoro katika sentensi aliyoipenda wakati wa kuiandika. Ya jirani haimlevyi.

Baadhi ya wahadhiri huliona jambo hili kuwa mtindo wa kigeni, lililokuja na vitabu vya ufundishaji kutoka ng'ambo. Dai hilo halisimami likipimwa kwa historia ya fasihi wanayoifundisha. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alijibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu, na ubeti uliolegea ulijulikana umelegea kwa sababu alikuwapo mtu wa kuushika. Katika gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, na baadaye katika kurasa za mashairi za Taifa Leo, watunzi wamekuwa wakiulizana, wakikosoana, na mara nyingine wakitupiana maneno yasiyo ya heshima, juu ya vina, mizani na maana. Kinyume cha desturi hiyo kilikuja na ukoloni. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, ilipitia miswada ya vitabu vya shule na kuamua kipi ni Kiswahili sanifu na kipi sicho, na katika miaka yake ya mwanzo wajumbe wake hawakuwa Waafrika. Hapo ndipo mwandishi wa Kiswahili alipozoezwa kumwandikia mkaguzi aliye mbali badala ya mwenzake aliye karibu. Kalamu nyekundu ya leo ina nasaba ndefu kuliko inavyodhaniwa.

Wenyeji wa Bungoma nao wana msingi wao. Kwa Wabukusu, vijana waliotahiriwa mwaka mmoja huitana bakoki, na uhusiano huo huruhusu utani na ukweli ambao mtu wa rika jingine hangeweza kuutamka bila kuonekana amekosa adabu. Mkoki humwambia mkoki mwenzake lililo kweli, wakacheka, na jambo likaisha. Neno "rika" lenyewe linabeba hali hiyo: usawa unaoruhusu uwazi. Darasa la chuo kikuu halina jando, lakini lina mwaka wa kuingia, kozi moja na njaa moja ya mwisho wa muhula. Ugumu hujitokeza pale darasa linapochanganya marika. Katika programu za likizo za walimu, zilizostawi sana miaka ya 2000, kijana wa miaka 21 aliweza kuketi karibu na mwalimu mkuu wa shule aliyosomea. Kumwambia mtu huyo kwamba hoja yake ya tatu inapingana na ya kwanza si jambo dogo, na anayelipuuza hilo hajui darasa la Afrika Mashariki. Dawa yake ni adabu ya lugha: maoni yaandikwe kama maswali, na yaihusu insha badala ya mwandishi wake. "Mwalimu, hapa msomaji amepotea njia" ni sentensi inayoweza kumfikia mzee bila kumvunjia heshima.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni lile la kipofu kumwongoza kipofu. Kama wote wawili hawajui, watafundishana nini? Pingamizi hili lijibiwe kwa ukamilifu, kwa kuwa katika ukanda wa Kitale na Bungoma lina ukweli unaosikika kwa masikio. Kibukusu hakina sauti ghuna kama /g/, /d/, /z/ na /v/ zikisimama peke yake. /G/ na /d/ hujitokeza zikitanguliwa na nazali. Hivyo mwanafunzi aliyekulia Ndalu anaweza kuandika "kari" akikusudia gari, au "sana za vita" akikusudia zana, na wapo walioandika kwamba mhusika "alifua nguo" kabla ya kuingia mtoni kuogelea, msomaji akabaki akijiuliza sabuni ilitoka wapi. Mwenzake wa Ndalu akiisoma sentensi hiyo hataona kosa, kwa kuwa sikio lake la ndani linaisoma kama lilivyoandikwa. Kumpa Msabaoti wa Mlima Elgon nako hakusaidii sana, maana lugha za Wakalenjin pia hazitenganishi sauti ghuna na zisizo ghuna jinsi Kiswahili kinavyofanya. Lakini mwenzao kutoka Kitale ambaye lugha yake ya kwanza ni Kigikuyu ataiona "kari" mara moja. Naye akiandika kwamba wananchi walipanga foleni "kupiga kula", Mbukusu ndiye atakayecheka kwanza. Upofu wao si wa jicho moja.

Hapa ndipo mpangilio wa jozi unapogeuka kuwa suala la isimu badala ya urafiki. Idara inayowaachia wanafunzi wachague wasomaji wao itapata jozi za watu wa kijiji kimoja, chumba kimoja na makosa mamoja. Mhadhiri anayezijua lugha za wanafunzi wake, na mhadhiri wa Kiswahili hana udhuru wa kutozijua, anaweza kuwapanga kwa makusudi ili kila insha ipite mbele ya sikio lililolelewa kwingine. Wingi wa lugha unaolalamikiwa kila siku kuwa ndio unaoharibu Kiswahili ungekuwa, kwa mpango huo, chombo cha kukisafishia.

Kosa la kimaana, ambalo wote wawili wanalishiriki, halitaponywa kwa njia hii. Hilo litamsubiri mhadhiri, ambaye kwa bahati atakuwa na muda zaidi wa kulishughulikia iwapo hatalazimika kuhesabu herufi. Hata pale wanafunzi wanapokosana, hasara ni ndogo. Mmoja anaandika "makala hii", mwenzake anaikata na kuweka "makala haya", wa kwanza anang'ang'ania kwamba ameiona ya kwake imechapishwa, na ni kweli ameiona, kwani zote mbili huchapishwa. Wakifikia hatua ya kuifungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu na kubishana juu ya ngeli saa nne usiku, kozi ya uandishi imekwisha kufaulu.

Kuna hofu ya wizi. Mwanafunzi huogopa kuonyesha hoja yake kabla ya kuiwasilisha, na hofu hiyo haikuzuka bila sababu. Yatosha rasimu ya kwanza iwasilishwe kwa mhadhiri siku ileile inapokabidhiwa msomaji, ikiwa na tarehe, ili mwenye hoja ajulikane. Kuna pia sifa tupu, "hongera, insha tamu sana", ambazo ni njia ya heshima ya kukwepa kazi. Hizo hukoma pale mwanafunzi anapojua kwamba mhadhiri atayasoma maoni aliyoyatoa na kuyahesabu kuwa sehemu ya kazi yake. Maoni ndiyo yapimwe. Insha ya mwenzake asiipe alama kamwe. Wahadhiri waliowapa wanafunzi mamlaka ya kugawa alama wamekosea, kwa kuwa siku mwanafunzi anapokabidhiwa alama hugeuka kuwa mtahini mwingine, na lengo zima lilikuwa kumpata mtu asiye mtahini. Alama huleta kisasi, ukabila na mapatano ya chini kwa chini. Swali halileti hayo.

Tangu ChatGPT itolewe Novemba 2022, limeongezeka jibu jingine: kwa nini mwanafunzi asimwachie akili unde kazi ya kusahihisha? Kwa tahajia, hoja hiyo ina nguvu, na kuikataa ni kujisumbua. Lakini mashine haipotei njia katika aya mbovu. Huikamilisha kwa maneno laini, ikaendelea. Zaidi ya hayo, mwanarika anaweza kumuuliza mwandishi ana kwa ana, "Ulikusudia nini hapa?", na aliyeandikiwa na mashine hukosa la kusema. Katika vyuo ambako wahadhiri wamekata tamaa ya kutambua insha isiyo ya mwanafunzi, swali hilo dogo lina kazi ambayo programu za ukaguzi hazijaifanya kwa uhakika.

Utaratibu wenyewe hauhitaji fedha. Rasimu ziwe tayari katika juma la sita la muhula. Kila mwanafunzi apewe mbili, zenye nambari badala ya majina pale idadi inaporuhusu. Aisome kila moja mara ya kwanza bila kalamu mkononi, kwa sababu mwenye kalamu huanza kuwinda herufi na kuisahau hoja. Kisha aandike kwa sentensi moja kile anachodhani insha inadai. Sentensi hiyo moja ina thamani kuliko masahihisho yote ya pembeni: mwandishi akiisoma na kugundua kwamba msomaji ameelewa jambo tofauti na alilokusudia, atajua pa kuanzia. Maswali matatu yafuate. Tahajia na ngeli ziwe za mwisho. Mwandishi apewe majuma mawili ya kuandika upya, na aambatanishe nusu ukurasa akieleza ni maoni yapi aliyoyakubali, yapi aliyoyakataa na kwa nini, maana hakuna sheria inayomlazimu mtu kumtii msomaji wake.

Pale idara zinapositasita, vyama vya wanafunzi vya Kiswahili vinaweza kuanza bila kusubiri idhini ya seneti. Makongamano ya CHAWAKAMA yamewazoesha wanafunzi wa Afrika Mashariki kusoma makala mbele ya wenzao na kuulizwa maswali. Kinachokosekana ni kuulizwa maswali hayo mapema, wakati makala bado yanaandikika. Baraza la jioni moja kwa juma, watu wanane, rasimu mbili, linatosha. Na wale watakaotumwa kufundisha karibu na Ndalu muhula ujao waichukue karatasi ya maswali matatu waende nayo, wakaijaribu katika madarasa ambako mtihani wa taifa bado uko mbali na watoto hawajajifunza kumwogopa msomaji.